Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Taarifa yangu ya mwaka jana ilikuwa ya kulia kwamba kazi imetuzidi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, karibu 20,000 kati yao Wakongo, na sisi wauguzi, madaktari na wakalimani wa Kiswahili tulikuwa tukigawana zamu hadi Jumapili baada ya ibada. Mwaka huu nalia kilio cha kinyume. Tarehe 20 Januari 2025 ilisainiwa amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na wiki haijaisha simu zikaanza kuingia kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Nakivale, Uganda. Watu wameshauza vyombo, wamegawa kuku, wameaga majirani, halafu wanaambiwa safari hakuna. Vipimo vya afya vya kabla ya safari navyo vina muda wake. Ukipita, mtu anaanza upya.

Mwisho wa mwezi huohuo waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo, Februari wakaingia Bukavu. Waliokuwa wamekwishafika huku tangu 2023, presha zao zimetulia, wakaanza kurudi kliniki. Unampima mama, unakuta 180 kwa 110. Unamuuliza kama anameza dawa, anasema anameza, na kopo linaonyesha kweli anameza. Unamuuliza usiku amelala saa ngapi. Hajibu, anakunyooshea simu yake uone ujumbe wa WhatsApp wa dada yake.

Mambo ya bima nitayapitia haraka, waraka mlishatumiwa. Msaada wa matibabu kwa wakimbizi wasiostahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ulikuwa miezi 12. Kwa waliostahili kuanzia tarehe 5 Mei 2025 ni miezi 4 tu. Wanaoumia zaidi ni watu wazima wasio na watoto katika majimbo kama Texas na Tennessee, ambayo hayakupanua Medicaid. Na kwa sheria iliyosainiwa Julai 4, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 mkimbizi asiye na kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, atakosa hata Medicaid ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa yeyote aliyetimiza mwaka mmoja hapa, mkumbusheni kuomba kadi hiyo. Najua si kazi ya muuguzi. Fanyeni tu.

Sasa lugha, ambako ndiko ugomvi wetu wa mwaka mzima ulikuwa. Mwezi Machi ilitoka amri ya kufanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, ikafuta amri ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza. Wasimamizi kadhaa wa kliniki wakaisoma kama ruhusa ya kuacha kulipia wakalimani. Si hivyo. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ipo palepale, na ile ya afya ya 2010 pia ipo. Mtoto wa miaka kumi hatafsiri matokeo ya vipimo vya mama yake, isipokuwa ni dharura na hakuna mtu mwingine. Mkiambiwa vinginevyo, ombeni maelezo kwa maandishi. Mara nyingi maandishi hayo hayaji.

Lakini tusijidanganye kwamba mkalimani akiwepo mambo yamekwisha. Mama mmoja, mwanawe ana sikoseli, alipewa miadi ya saa tisa mchana. Mkalimani wa simu akaisikia 3:00, akasema "saa tatu". Mama akafika asubuhi, akaambiwa bado, akarudi nyumbani. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Faili likaandikwa hakufika, hakufika, kisha ikatoka barua kwamba wataondolewa kwenye orodha ya wagonjwa wa kliniki. Nilipompigia alisema, "Mie nilifika, dada. Nilikuta ndo banafungula mulango." Aliwahi kuliko daktari.

Mwingine alimwambia daktari, "Nina mawazo mengi." Kwa Kiingereza cha mkalimani ikawa ana fikra nyingi, na daktari akatabasamu akamsifu. Yeyote aliyekulia Uvira, Kigoma au Mombasa anajua mtu mwenye mawazo ana hali gani. Na wapo bibi zetu ambao faili kutoka kambini linasema wanajua Kiswahili, kumbe wanajua Kibembe au Kinyamulenge. Bibi wa namna hiyo anaitikia "ndiyo" kwa maswali yote 15 ya ile fomu ya afya ya akili, pamoja na lile ambalo hakuna mtu anayeweza kulijibu ndiyo. Hapo kazi yetu ni kumsimamisha daktari.

Hapa inanipasa kukiri kosa. Tuliahidi faharasa ya maneno ya kliniki ingekamilika Septemba. Haijakamilika, na mimi nimechangia. Kwa ugonjwa wa huzuni nzito, ule Waingereza wanaouita "depression", Watanzania tulitaka "sonona", Wakenya wakataka "unyogovu", na mwanachama wetu anayetoka mji wa Baraka, Kongo, akauliza nani anayaongea hayo nyumbani kwake. Nilitetea sonona mwezi mzima. Kisha nikaijaribu kwa mgonjwa, akaniuliza inamezwa kabla au baada ya chakula. Faharasa sasa iko mikononi mwa kamati ya Wakongo, na wameanza vizuri: "kinini" ni kidonge chochote, si kwinini tu, na "munganga" ni daktari, kwa hiyo mgonjwa akisema ameshaenda kwa munganga msiandike tiba za kienyeji.

Jambo moja la kujivunia. Muuguzi mwenzetu alimzuia daktari kumwandikia Mkongo mwenye pumu vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi, hadi apimwe strongiloide, minyoo wa utumbo. Wakongo wengi hupewa albendazo na prazikwanteli kabla ya safari lakini si ivamektini, dawa inayoua strongiloide, kwa sababu nchini kwao kuna minyoo wengine, loa loa, na dawa hiyo inaweza kumdhuru vibaya mwenye mzigo mkubwa wa minyoo hao. Strongiloide hukaa mwilini miongo mingi kimya, ila steroidi zikiingia huzaana na kuua. Kipimo kilirudi kikionyesha kweli anao. Nimemwomba atuendeshee semina, amekubali kwa masharti kwamba nisimtaje jina.

Wanachama tumepungua. Mashirika ya kupokea wakimbizi yamepunguza watu, na baadhi ya wakalimani wetu bora sasa wanafunga mizigo maghalani usiku. Kamati imewasamehe ada ya 2026. Anayepinga apinge mkutanoni. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Mimi sigombei tena.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Machi, saa nne asubuhi. Katibu ameandika 10:00 pembeni na kuchora jua, kwani mwaka jana tuliandika "saa 10" tu, na wawili wetu, tena wakalimani wenye vyeti, wakafika jioni tunafuta meza.