Vidonge vya kuongeza damu haviondoi pombe

Kina mama wajawazito wanaofika dukani kwetu hapa Moshi hutuuliza sana: nikinywa mbege kidogo kisha nikameza vidonge vya damu, si mtoto atakuwa salama? Hapana, mama. Kidonge hakifuti pombe.

Vidonge vyenyewe vina kazi kubwa. Madini ya chuma hutengeneza damu. Asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na hapo muda ni mfupi mno: mfereji wa uti wa mgongo hufunga takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa, wengi wakiwa hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba aanze kabla, mikrogramu 400 kwa siku. Meza kwa maji, si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho.

Pombe hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ini lake bado changa mno kuivunja. Inaumiza zaidi ubongo, ambao hukua miezi yote ya ujauzito. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na akifika shule akashindwa kutulia, kukumbuka, kufuata hesabu. Watu humwita mtundu au mzito, kumbe aliumia kabla ya kuzaliwa. Iwe mbege, bia au mvinyo, kilevi ni kilekile, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Huko Cape Town watafiti waliwapa wajawazito waliokuwa wakinywa sana kirutubisho cha kolini, na watoto wao wakaonyesha dalili za kukua vizuri zaidi. Tunaifurahia habari hiyo, ila ulikuwa utafiti mdogo, na si ruhusa ya kunywa. Kolini ipo kwenye mayai. Kula yai lililoiva vizuri.

Ulikunywa kabla hujajua una mimba? Acha leo, inasaidia hata sasa, na umwambie mkunga bila aibu. Kama ulikuwa ukinywa kila siku, usiache ghafla peke yako. Nenda hospitali wakusimamie.

Vidonge vya damu ulizia kwanza kliniki ya serikali, huko hutolewa bure. Vikiwa vimeisha, njoo kwetu na kadi yako ya kliniki. Usichanganye multivitamini mbili bila kutuuliza, kwani vitamini A ikizidi nayo humdhuru mtoto.