Pazia jeusi jichoni

Ndugu Mhariri,

Mjomba wangu, mkulima wa zabibu huku Hombolo, alianza kuona vidoa vyeusi vikielea na mimweko kama radi pembeni mwa jicho. Duka la dawa wakampa matone. Siku ya nne pazia likashuka. Haliumi hata kidogo, ndiyo maana watu hulala nalo. Kumbe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ilikuwa imebanduka.

Ikichanika tu, leza huweza kuiziba. Ikibanduka, kwa kawaida ni upasuaji wa haraka. Mjomba alichelewa, sasa anaona vivuli.

Wasioona mbali sana, waliopigwa jichoni au kutolewa mtoto wa jicho wamo hatarini zaidi. Wauza dawa, ulizeni kwanza kuhusu mimweko.

Msomaji,
Dodoma