Bei si siri, acheni hii ya "njoo inboksi"

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma kwa hii kurasa ya barua watu wakisema ati vijana wa huku Kisumu wafundishwe kuuza vitu mtandaoni, sijui wapewe bando za bure, sijui waletewe semina. Sawa, sikatai, semina zina chai. Lakini mimi nauza mitumba hapa Kibuye na nauza pia kwa simu, na shida ninayoiona mimi si bando. Ni hii tabia ya mtu kuposti gauni, kiatu, keki, samaki, hata kuku wa kienyeji, halafu ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi.

Kwani hiyo bei ni siri ya nani?

Angalia vile huwa inaenda. Mtu ako Migosi ameona gauni safi kwa Facebook, anauliza pale chini, "Bei?" Mwenye duka anamjibu, "Nimekuandikia inboksi dia." Anakuja mwingine anauliza bei, anajibiwa hivyo hivyo, wa tatu pia, unapata komenti zimejaa watu wote wanauliza kitu kimoja na wote wanapewa jibu moja ambalo si jibu. Ukijikaza ufike inboksi, kwanza unaulizwa uko wapi, unavaa saizi gani, unataka ya kwenda wapi, ndio bei ianze kutoka pole pole. Na hapo ukisema uko Milimani kwa wenye pesa utaambiwa elfu moja mia mbili, wa Nyalenda kwa watu wa kawaida anaambiwa mia saba, na gauni ni lile lile moja limening'inia kwa msumari. Watu wanajua huo mchezo. Wengi hata hawafiki huko inboksi, wanapita tu, juu mtu alikuwa na bando ya shilingi ishirini na hakuweka ya kuja kuhojiwa.

Na msiniambie ati hata sokoni tunapatana bei. Ndio tunapatana, lakini soko lina masikio. Kuja Kibuye Jumapili asubuhi wakati bale, lile robota la mitumba, inafunguliwa, wale wa kamera, wanaotaka zile nguo bora kabisa, wamekuja mapema wanachagua zao, wewe umesimama hapo nyuma unasikia kila mtu ameambiwa ngapi na amelipa ngapi. Unashika nguo, unaigeuza ndani nje, unaangalia zipu kama inapanda, unaangalia kwapa kama kuna doa, ukiona haikufai unaiacha na hakuna mtu anakuuliza unatoka wapi. Ikifika jioni imebaki fagia, yale mabaki ya mwisho, mtu anapanda juu ya meza anapiga kelele "hamsini hamsini, hamsini kila kitu!" Hiyo ndiyo tangazo la biashara ya zamani kabisa na bei ndiyo neno la kwanza. Sasa hao hao wenye kupiga kelele hapo mezani, wakiingia Facebook, bei wanaificha. Mimi huwa inanishinda kuelewa.

Nimeuliza wenzangu. Wa kwanza anakwambia akiweka bei, jirani ataona apunguze hamsini. Mama, huyo jirani alishakuja inboksi kitambo na laini ingine akajifanya mteja. Bei yako anaijua. Asiyeijua ni mteja.

Wa pili anakwambia amefundishwa ati komenti zikiwa nyingi Facebook inasukuma posti mbele, kwa hivyo afadhali watu waulize waulize. Hii inasemwa sana hata na hao wanaotoza pesa kufundisha. Lakini Facebook wenyewe walitangaza Desemba 2017 kwamba posti za kuombaomba laiki na komenti wataanza kuzishusha chini, na mwezi uliofuata, Januari 2018, Zuckerberg mwenye Facebook akaandika wazi kwamba watu wataonyeshwa zaidi mambo ya marafiki na familia na vitu vya biashara vitapungua. Ndio maana peji yako inaweza kuwa na wafuasi elfu mbili na picha ya viatu ionwe na watu wachache tu, halafu ukiposti mtoto wako amegraduate nasari unapata laiki za ukoo mzima. Si uchawi. Walisema.

Wa tatu anaogopa bei itatisha mteja. Kama mia nane inamtisha, hana mia nane, mwache aende, kesho atakuwa nayo na atakumbuka ni wewe ulimwambia ukweli bila kumzungusha.

Mimi pesa yangu nyingi inatoka kwa stetasi ya WhatsApp, na hapa ningetaka vijana wanisikize kidogo. Stetasi inakaa masaa 24 inapotea, na haionwi na mtu kama hamjaseviana namba nyote wawili. Hata ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ile brodikasti, mwisho ni watu 256 kwa listi moja na isipokuwa mtu amekusevu haimfikii. Kwa hivyo kazi si kutafuta wafuasi, kazi ni kumwambia kila mteja anayenunua hapa kibandani, toa simu, nisevu sasa hivi nikiona. Na mimi namsevu kwa kile anachopenda, "Bondo gauni kubwa", "Mamboleo watoto miaka 4", jina lake la kanisani litanisaidia nini. Mzigo mzuri wa watoto ukiingia najua ni nani wa kuamshwa.

Kuna pia ile WhatsApp Business, ni ya bure, ilitoka 2018, ina mahali pa kupanga bidhaa moja moja na picha na bei yake. Mahali pa kuandika bei wamekuwekea kabisa. Na bado utaona mtu ameacha wazi, au ameandika shilingi moja. Shilingi moja! Nani huuza blanketi shilingi moja?

Picha nazo. Mimi napiga nguo ikiwa mlangoni mwa kibanda kabla jua halijapanda sana, naweka futi ya fundi kifuani kutoka mshono hadi mshono na namba inaonekana. Juu mtumba hausemi ukweli kwa lebo, imeandikwa 14 ya Uingereza ambayo Marekani ni 10, mteja hajui wewe unaongea ya wapi, lakini inchi 21 kifuani ni inchi 21 hata ukiwa Busia. Kama kuna kifungo kimetoka napiga hicho kifungo pia. Yule wa kununua atanunua tu, anacho cha kushonea nyumbani, lakini hatanirudishia matusi Jumatano.

Sasa kuna hawa wanaotoa picha ya mwanamitindo wa Uchina kwa mtandao wanaweka, ati "iko stoo", halafu wanasema lipa kwanza. Hawa ndio wametuharibia kabisa. Dada mmoja mteja wangu wa Siaya alitumiwa kitu hakifanani na alichokiona hata kwa rangi, akampigia muuzaji, akapata ameshablokiwa. Tangu hapo hata mimi akinunua kwangu anataka nimpigie vidio nimwonyeshe parseli ikifungwa, jina na namba yake ikiandikwa kwa maka, na kijana wa stendi akiipokea kwa gari. Namfanyia. Sina kinyongo, lakini ni muda wangu na bando yangu inalipia wizi wa mtu mwingine.

Na si wanunuzi wote ni malaika pia, niseme. Kuna wa kukutumia meseji ya M-Pesa aliyojiandikia mwenyewe, kuna wa kulipa vizuri halafu akishapokea mzigo anatuma ile meseji kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, ati alikosea namba arudishiwe. Angalia salio kabla parseli haijatoka mkononi, usiangalie meseji. Na pesa ya biashara iwe na till yake, namba ya kulipia biashara, ama Pochi la Biashara ya M-Pesa, isichanganyike na ya unga.

Kwa wanaosema hii ya bei ni hiari ya mwenye duka, wasome Katiba ya 2010, Kifungu cha 46. Mteja ana haki ya kupewa habari anayohitaji kuhusu bidhaa. Na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, hiyo inagusa hata mauzo ya intaneti, muuzaji aeleze mambo yake wazi kabla mteja hajakubali na ampe nafasi ya kukataa. Sijui kama kuna askari atakuja Kondele kushika mtu juu ya inboksi, sidhani, lakini mjue tu kwamba mnajificha nyuma ya kitu ambacho sheria haipendi.

Tena hiyo ya kuposti wateja bila kuwauliza, mtu ametoka kujaribu nguo unampiga picha unaandika "kastoma wetu ameng'ara". Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Hiyo pesa ni bale ngapi? Uliza kwanza. Akikataa, piga gauni peke yake.

Kwa hivyo Mhariri, hao wanaopanga semina za vijana, kama wanaletewa mtaalamu kutoka Nairobi na slaidi zake mimi sina neno, lakini kwa muda wa saa moja hivi wawalete Kibuye wasimame na sisi mezani waone mtu anauza vipi akiwa na mteja mbele yake, anasema bei, anaonyesha doa, anafunga, anapokea pesa, anaita mwingine. Waende wakafanye hivyo hivyo kwa simu.

Na nyinyi pia gazetini, sijawasahau. Kwa kurasa zenu za matangazo kila wiki kuna ploti za Mamboleo na Kisian, robo ekari hivi, imeandikwa "bei nafuu, piga simu". Nafuu ya nani? Mwambieni huyo mwenye ploti aandike bei, nafasi ya namba sita saba haiwezi kuwa gharama sana, na kama ni gharama mtuambie ni ngapi.

Muuza mitumba,
Kibuye, Kisumu