Barua kwa mwanangu: usininyamazie

Mwanangu,

Salaam alaykum. Huku wazima sote, ila goti langu la kushoto, nalo nimeshalizoea. Naandika kwa mkono. Mdogo wako ataipiga picha barua akutumie, na nimemwapisha asiisome.

Tangu Jumapili uliponiambia umepata nafasi ya shahada ya uuguzi wa watu wazima huko Uingereza, sijatulia. Vigelegele ulivisikia. Usichokisikia ni kwamba baada ya simu nilikaa jikoni mpaka wali ukaungua, nikiwaza neno moja ulilolipitisha mbio: "Sehemu kubwa nitasomea nyumbani, mama, kwa kompyuta." Halafu ukaniuliza habari za paka. Nakujua. Ukigeuza mazungumzo hivyo, pana jambo.

Karatasi za kozi ulizomtumia mdogo wako nimezisoma zote, kalamu mkononi. Miaka mitatu, saa 4,600: nusu masomo, nusu kwa wagonjwa. Baraza lao la wauguzi na wakunga halipunguzi saa kwa sababu mtu anasomea sebuleni kwake, na hapo roho ilinitua kidogo. Nimeona pia kwamba katika zile saa 2,300 za kazi, hadi 600 zaweza kuwa mazoezi ya kuigiza. Sawa. Sanamu inafaa kujifunzia kusukuma kifua bila kumvunja mtu mbavu. Lakini sanamu haitoki jasho la baridi, wala haina mume aliyesimama mlangoni akikutazama usoni ajue kama mkewe atapona. Zile saa zilizobaki usiibe hata moja.

Shangazi yako anasema eti utakuwa nesi wa kompyuta. Nimemuuliza, na mimi nilikuwa nani? AMREF, lile shirika la afya, na Baraza la Wauguzi la Kenya walipoanza mwaka 2005 kutupandisha sisi wa cheti kwenda diploma kwa njia ya kompyuta, bila kututoa kazini, maneno yalikuwa haya haya. Nilikuwa sijawahi kushika kipanya. Leo wale waliosema wamestaafu na cheti chao. Miaka ile unaijua, wewe ndiye uliyekuwa ukisonga ugali na kuwaogesha wadogo zako, siirudii.

Kwa hiyo kompyuta siiogopi. Naogopa wewe kukaa nayo peke yako. Darasani mwalimu anakuona uso. Ukiwa hukuelewa, uso unasema hata mdomo ukifungwa. Ukiwa chumbani kwako unazima kamera, unasema mtandao mbovu, na somo linapita. La pili linapita. Hakuna wa kukuuliza. Mtu anayesoma kwa mbali akizama hapigi kelele, watu wanakuja kushtuka jina halimo tena kwenye orodha. Nimeona wenzangu wakipotea hivyo, wanawake hodari wa wodini, na hakuna aliyejua ni wiki gani hasa walipoacha.

Na wewe, mwanangu, ni mtu wa kunyamaza. Habari ya talaka yako niliisikia kwa shangazi, miezi saba baadaye. Ulipolazwa ukasema una mafua. Ada ya kujiombea chuo ulilipa, mahojiano ukafanya, hukuniambia mpaka jibu lilipokuja, kana kwamba ungekosa ningekucheka. Hilo limeniuma, na nasema ili ujue limeniuma.

Kuna jambo hulijui. Ule mtihani niliowaambia umeahirishwa, haukuahirishwa. Niliufanya nikaanguka. Marehemu babako hakuwahi kujua. Nilikuwa naondoka nyumbani na daftari kama kawaida, nakaa kwenye benchi la nje ya maabara mpaka saa za kurudi. Mkufunzi aliniachia ujumbe mara mbili, nikawa napita mlango wa nyuma nisikutane naye. Ilikuwa miezi minne hivyo. Nilipokwisha kumwendea, alipitia karatasi yangu kwa dakika kumi akanionyesha kwamba kilichoniangusha ni kitu kimoja tu, hesabu za dripu. Miezi minne kwa jambo la dakika kumi.

Na katika miezi hiyo hiyo, zamu ya usiku, nilimtundikia mtoto wa malaria dripu ya kwinini. Hesabu nilifanya kwa seti ya watoto, yaani mpira wa kupitishia dripu, ile ya matone 60 kwa mililita. Seti niliyoichukua rafuni ilikuwa ya wakubwa, ya matone 20. Kila tone lake ni kubwa mara tatu. Unaelewa maana yake: dawa iliyopaswa kuingia kwa muda wa saa nne ilikuwa inakwenda kuisha kwa saa moja na ushei, na kwinini ikiingia mbio hushusha presha na sukari pamoja. Mwenzangu ndiye aliyepita akaitazama chupa, akaifunga bila kusema neno. Tulimpima mtoto sukari, tukamtia glukosi, tukakaa naye mpaka alfajiri. Alitoka wodini siku ya tatu akitembea, Alhamdulillahi. Hatukuandika popote. Mamake alinishika mikono akaniombea dua, na mimi nikaitikia amina. Sasa nimestaafu na bado nikiona chupa ya dripu natazama kwanza seti.

Huku ndiko ulikojifunza kunyamaza, labda. Sijui ungejifunzia wapi kwingine.

Huko ulipo ni kosa kubwa zaidi kulificha kosa. Mwaka 2013 ile ripoti ya mwanasheria Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford ilieleza jinsi wagonjwa walivyoteseka na waliokuwa wakiona wakanyamaza, au wakasema wasisikilizwe. Baada yake wakaweka sheria: mgonjwa akidhurika, anaambiwa ukweli na anaombwa radhi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mamake yule mtoto. Wewe umebahatika kusoma mahali ambapo kusema ni sehemu ya kazi. Kaseme.

Nimeona pia utapewa msimamizi wa kukuelekeza kila wodi utakayopelekwa, na mwingine wa kukupima. Na kwamba mwanafunzi hahesabiwi katika idadi ya wauguzi wa zamu. Hilo lishike. Wewe umefanya kazi nyumba ya wazee miaka minane, watakuona mwepesi, na siku ya upungufu watakutuma kama msaidizi: ogesha huyu, lisha yule, badilisha shuka. Utafurahi kwa sababu unayaweza. Usifurahi sana. Waambie kwa adabu kwamba leo ulitakiwa kuona dawa zikigawiwa, au kidonda kikifungwa. Usiponyanyua mdomo utamaliza wiki sita umeogesha watu tu, na karatasi yako haina sahihi.

Si kwamba nadharau kuogesha. Najivunia mikono yako, kwa sauti, hata dukani. Siku uliponieleza ulivyomgeuza yule mzee wa kiharusi ukakuta kisigino kimeanza kuiva, kidonda cha kulalia, kabla nesi hajajua, niliwasimulia wenzangu wote wa chama cha wastaafu. Jambo hilo nenda nalo chuoni. Vitabu vyao vingi vinasema tafuta wekundu. Ngozi kama yetu mara nyingi haionyeshi wekundu. Gusa joto, gusa ugumu, linganisha na upande wa pili. Mgonjwa mweusi akikosa hewa usingoje kuona buluu kwenye vidole, mfunue mdomo, tazama ndani ya kope. Na kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni chaweza kusoma juu kuliko ilivyo kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo mtazame anavyopumua na uhesabu pumzi dakika nzima. Hata kama darasani hakuna mwingine atakayeuliza habari hizi, uliza wewe.

Kitu kimoja kimenishangaza: huko mtu anachagua tangu mlangoni, watu wazima, watoto, afya ya akili, au wenye ulemavu wa kujifunza. Sisi tulibeba vyote, na ukunga juu yake. Nilisikitika kidogo kwamba hutajua kuzalisha. Halafu nikakumbuka ulivyokimbia siku mbuzi wa jirani alipozaa, nikaona Mungu anapanga.

Sasa hesabu. Usikunje uso. Mtihani wao wa hesabu za dawa hupiti kwa 90, hupiti kwa 98, ni 100 kwa 100. Najua ulivyo na hesabu na najua ni kwa nini. Yale makofi ya darasa la tano yalikuwa ya uchovu wangu, hayakuwa ya ujinga wako. Hukuwa mjinga. Ulikuwa unaandika jibu kwa penseli hafifu ili nisilione vizuri. Anza mapema, kabla ya chuo. Lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20: mililita 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Utasema huko kuna mashine. Ndiyo, mashine inataka mililita kwa saa, 125, lakini wewe ndiye unayeibonyeza, na ukiiambia 1,250 itatii.

Ya fedha. Umesema serikali inakupa pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa, na 2,000 kwa kuwa una mtoto, na ada ni mkopo. Nimepiga hesabu na kodi ya nyumba na naona hazitoshi bila zamu za usiku. Ndipo narudi pale pale: ukifika mahali huwezi, usingoje. Usiongeze zamu ya nne kimyakimya ukasomee kwenye basi ukisinzia. Sema chuoni, wana watu wa kusikiliza. Sema na mimi. Mwezi wa pili ulinitumia shilingi elfu kumi na tano huku wewe mwenyewe unadaiwa kodi. Mdogo wako alijua, mimi sikujua. Usirudie. Pensheni yangu inanitosha, na nyumba ya nyuma ina mpangaji anayelipa.

Kutwa zile za somo la nyumbani, mtoto akiwa shule, funga mlango kama mtu aliyekwenda kazini. Vaa nguo za kutokea. Mimi nilikuwa navaa sare hata siku ya mapumziko, ndipo kichwa kilipokubali. Na tafuta wawili watatu wa darasa lako mpigiane kila wiki, muulizane umefika wapi. Wawe watu watakaokasirika usipopokea.

Mjukuu wangu umwambie bibi amehifadhi jino lake. Aliniuliza juzi kwa nini mama yake analia kwenye kompyuta. Nilimjibu macho yako yanauma kwa mwanga. Sasa nakuuliza wewe.

Maji tena hayaji, wiki ya tatu. Tunanunua kwa mkokoteni, na kijana wa mkokoteni amepandisha bei tangu aone tangi jipya, anadhani tumetajirika. Lile tangi fundi aliliweka juu ya tofali mbili, nikamwambia litaanguka, mdogo wako akasema mama acha, na sasa limeinama upande wa jirani. Mwembe umezaa upande mmoja tu. Mdogo wako anataka kununua tuktuk kwa mkopo. Zungumza naye, wewe anakusikia, mimi anasema nina woga wa kizee. Msiba wa mtaa wa pili ulikuwa wa yule bwana muuza kahawa, tumemzika Alhamisi, umtumie mkewe ujumbe.

Binti wa jirani anasafiri kuja huko mwezi ujao. Nitampa achari ya ndimu, bizari ya pilau, na kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kujifunika unaposoma, maana umesema chumba kile kina baridi. Nitatia na saa yangu ya kubana kifuani, ile ya kuhesabia mapigo. Mkanda wake umechakaa lakini mshale wa sekunde haujawahi kunidanganya.

Na hili nakupa leo: mililita 500, saa sita, seti ya matone 20. Matone mangapi kwa dakika? Fanya kwa karatasi, kwa kalamu ya wino, upige picha hatua zote. Ukipata, tuma. Ukikosa, tuma vile vile.

Mama yako