Chagueni rangi ya nyumba kuanzia chini

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa rangi hapa Lurambi, Kaunti ya Kakamega. Desemba ikikaribia simu yangu hailali. Watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi na wanataka wageni wakute boma linang'aa, na karibu kila mteja hunitumia picha ileile: nyumba nyeupe pe, madirisha meusi, ua umewekwa vigae mpaka ukutani. Naomba nafasi niwaambie wasomaji wenzangu kwamba nyumba ya pichani inabaki safi kwa sababu ya hivyo vigae. Huku kwetu ukuta unakutana na udongo mwekundu, na mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka.

Nyumba nyingi za vijijini hazina gata. Maji hudondoka kutoka kwenye mabati, yakachimba kijifereji kando ya msingi na kurusha tope ukutani. Upande wa Shinyalu nilipita boma moja baada ya mvua ya alasiri. Nyumba ilikuwa imepakwa nyeupe miezi michache tu iliyopita, lakini kuanzia chini hadi karibu na dirisha ilijaa madoadoa ya kahawia. Mama mwenye boma alikuwa amechutama na brashi ya kufulia na karai la maji ya sabuni. Kadiri alivyosugua ndivyo doa lilivyozidi kutanda, maana rangi ya maji isiyong'aa ina vinyweleo na hulinywa lile tope. Alipofika konani rangi yenyewe ikaanza kutoka, plasta ikabaki wazi. Niliumia kuona mtu akipoteza jasho lake namna ile.

Mama zetu walilimaliza jambo hili zamani. Waliposiriba nyumba za udongo, juu walipaka udongo mweupe, na chini wakazungushia mkanda wa rangi nzito, udongo mweusi au uliochanganywa na masizi. Ule mkanda ulipendeza, lakini pia ulikuwa na kazi: tope likiruka liangukie palipo na rangi inayokaribiana nalo.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua simu, tazama udongo wa uani kwako. Ukiwa mwekundu, futi tatu za chini zipate maruni, kahawia au rangi ya tofali. Rangi za namna hii aghalabu hutengenezwa kwa oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachoufanya udongo wetu uwe mwekundu, na ndiyo maana hazichujuki upesi juani. Nyingi za zile nyekundu na manjano kali zinazopakwa madukani kutangaza biashara hupauka mapema zaidi. Ukishamaliza chini, inua macho utazame paa. Mabati ya bluu au ya kijani hayabadilishwi ovyo, basi ukuta ndio ulifuate paa.

Halafu kuna jua. Ikweta inapita pale Maseno, si mbali nasi, kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini hupata zamu yake kati ya Machi na Septemba, wa kusini kati ya Septemba na Machi. Vijana wanaopenda kijivu kizito cha makaa wafikirie chumba cha kulala kilicho upande wa magharibi: ukuta huo hunyonya joto alasiri yote, kisha hulitoa ndani watu wakiwa wamelala. Mimi humshauri mteja achukue krimu au rangi ya mchanga kwa sehemu ya juu. Na kama plasta ni mbichi, asubiri wiki nne hivi ikauke, hata kama wageni wako njiani.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kile kikaratasi cha kuchagulia rangi hakifiki hata ukubwa wa kiganja, na rangi ikishatanda ukuta mzima juani huonekana kali kuliko ilivyokuwa dukani. Nimeshuhudia mafundi wakinyimwa malipo kwa sababu ya rangi ambayo mwenye nyumba aliichagua mwenyewe. Mlio na mashine za kuchanganya rangi, mchanganyieni mteja kopo la lita moja la majaribio kabla ya kumuuzia ndoo ya lita 20. Apake kipande cha mita moja kwa mita moja kwenye kuta mbili, akitazame asubuhi, saa saba mchana na jioni, ndipo arudi kwenu.

Wale ambao tayari wamenunua nyeupe wasiitupe. Ipakwe kuanzia futi tatu kwenda juu. Kwa nyumba yenye mzunguko wa mita 40, ule mkanda wa chini ukipakwa mara mbili utahitaji lita saba au nane hivi, yaani makopo mawili ya lita nne.

Fundi wa rangi,
Lurambi, Kakamega