Ule sio uchafu, ni mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera kweli. Kila kiangazi kikikaribia kuisha utasikia watu wanalalamika eti bustani ya mimea imechakaa, maua yamekauka, majani yamepauka, mbona hawafyeki. Jamani! Mi naenda wakati huohuo makusudi kabisa.

Ile sio paki ya kupigia picha tu. Angalia kile kibao chini ya mmea, kina jina la kisayansi, ukoo wake, ulikotoka na namba ya usajili, yani kila mmea una faili lake. Bustani ya Padua kule Italia ilianzishwa 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kutofautisha mti wa dawa na unaofanana nao, na mpaka leo kuna mmea wa jamii ya mtende uliopandwa 1585, bado uko hai.

Sasa ukifyeka vichwa vikavyo ili pawe pasafi mbegu utazitoa wapi? Juzi nimeinama kwenye ua la popi lililokauka, kichwa chake ni kama kikopo kina vitundu kuzunguka juu, nikakigusa kidogo tu mbegu nyeusi zikamwagika kiganjani, ndogo sana. Pembeni vichwa vingine wamevifunga vifuko vya kitambaa zisipotee. Nikazirudisha palepale chini, na hapa nawaomba wenzangu mnaotia mbegu mfukoni muache, mnachukua kitu ambacho mtu amekisubiri mwaka mzima.

Anayeona mbegu ni kitu kidogo aende bustani ya mimea ya Kew, London, akautazame mmea unaoitwa Encephalartos woodii. Uligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1895, ukafika Kew 1899, ni dume, na jike lake halijawahi kupatikana popote duniani, kwa hiyo mbegu zake hazipo, yote iliyopo imetokana na machipukizi ya yule mmoja. Mi nikiufikiria huo mmea naumia, umekaa zaidi ya miaka mia peke yake.

Na wewe Mhariri, picha zako za bustani ni za maua yakichanua tu. Safari hii toa hata moja ya kichwa kikavu, iwe kubwa, watu wavione vile vitundu.

Msomaji wako wa siku nyingi