Shoga, usiwanyang'anye koko yao

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, Rehema keshajifungua mtoto wa kiume, mengine nitakuandikia nikipata nafasi. Leo nina haraka kwa sababu ya ujumbe wako: Alhamisi unakaa na kina mama wa Sabon Gari hapo Kano, Nigeria, Wahausa na Waigbo pamoja, na umepanga kuwaambia waache koko na akamu, ule uji wao wa nafaka iliyochachushwa, kwa kuwa ni maji matupu, wasage unga wa lishe kama wetu. Nakuomba, hilo la kuwaambia waache liondoe.

Unajua wanavyoutengeneza uji huo. Waigbo hutumia mahindi, Wahausa zaidi uwele au mtama. Nafaka hulowekwa siku mbili tatu, husagwa ingali na maji, huchujwa kwa kitambaa, kisha huachwa ituame na kuchachuka. Kule kuchachuka ni faida: asidi huvibana vijidudu, na faiteti zinazoshikilia madini ya chuma na zinki hupungua. Hasara iko kwenye kitambaa. Makapi yanayobaki, ambayo huishia kwa mbuzi na kuku, huondoka na sehemu kubwa ya kiini cha punje, na humo ndimo mlimo mafuta, madini na protini iliyo bora. Kinachopita ni wanga zaidi.

Halafu yanakuja maji, na hapa ndipo ninapotaka ukae nao kwa muda mrefu. Bakuli la mililita 250 la akamu nyepesi ya kunywa lina unga mkavu kama gramu 12, yaani kilokalori 50 hivi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Tumbo lake hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 akimaliza bakuli hilo hana nafasi tena. Angehitaji mabakuli manne, na titi angelikataa. Mama akikwambia mtoto ameshiba, msadiki. Tumbo limejaa kweli.

Basi anza na uzito wa uji. Kijiko kikiinamishwa, uji ushuke polepole, usichuruzike. Kisha mafuta ya mawese, ambayo mama wa Kiigbo anayo jikoni: kijiko kimoja cha chai huongeza kilokalori kama 40, karibu sawa na bakuli zima la ule uji mwepesi, na huleta vitamini A mradi hayajachomwa hadi yakapauka. Uduvi mkavu nao wanao. Usagwe laini, uchekechwe, kijiko cha chakula kimoja kitoshe bakuli. Moi-moi, ile kunde iliyosagwa na kupikwa kwa mvuke, iliyopikwa bila pilipili, au okpa, ya namna hiyo ila ya njugu mawe, ipondwe ndani ya uji uleule. Kunde zina laisini, kijenzi cha protini ambacho mahindi hayana cha kutosha.

Kwa Wahausa usitafute mbali, wana kunun gyada. Karanga zilizosagwa hupikwa pamoja na mchele au uwele, na ukwaju wa kuchachusha. Wahimize tu wasichuje karanga hadi zikabaki maji meupe, na fungu la mtoto litolewe kabla ya tangawizi na pilipili.

Soya ndiyo inanitia wasiwasi. Akamu mara nyingi haichemshwi: bonge huvurugwa kwa maji baridi kidogo, kisha maji yanayochemka humiminwa juu huku ukikoroga. Ukimpa mama unga wa soya mbichi anyunyize humo, hauivi, na soya mbichi huzuia mtoto kumeng'enya protini ile ile uliyoitafuta. Soya ichemshwe nusu saa, imenywe maganda, ianikwe, ikaangwe hadi harufu ya ubichi iishe. Wakitaka unga wa kuweka, Tom Brown inajulikana huko kaskazini: vikombe 6 vya nafaka, 3 vya soya, 1 cha karanga, kila kimoja kikaangwe peke yake kwa sababu karanga huungua soya ikiwa bado. Wasage kidogo kidogo, maana mafuta ya karanga huchacha. Na ule mtindo wetu wa kuchanganya nafaka tano au saba usiupeleke! Nafaka zote zinapungukiwa na laisini hiyo hiyo. Kuziongeza idadi hakusaidii.

Kama uji mzito unamshinda mtoto kumeza, tumia kimea cha uwele, yaani uwele uliochipushwa, ukaanikwa na kusagwa. Uji ukipoa kidogo, kijiko cha chai kimoja, koroga, baada ya dakika chache unalainika bila kuongezwa maji. Urudishwe jikoni uchemke tena, kwa kuwa mbegu zikichipua vijidudu huzaliana. Kimea cha mtama sikipendi kwa watoto, machipukizi yake yana sumu ya sayanidi. Atakayekitumia ayapukuse yote pamoja na mizizi.

Jambo jingine ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga. Unakumbuka ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kukaanga hakuiondoi yote, kuchachusha hakuimalizi. Karanga na mahindi yaliyosinyaa, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi yachambuliwe na kutupwa, wala wasiwape kuku.

Narudi pale pale, shoga: uzito wa uji kwanza. Hata mama asiye na hela ya uduvi wala soya anaweza kupunguza maji kesho asubuhi.

Sasa nijibu kabla ya Alhamisi. Wanapima kwa mudu, lile bakuli la kupimia sokoni, au kwa kikombe? Wanawachanganyia watoto uji wao wenyewe au wananunua koko iliyopikwa barabarani? Bado wapo wanaoogopa kumpa mtoto yai, kwamba atakuwa mwizi? Maji wanaanza kumpa mtoto akiwa na umri gani? Bibi na mama mkwe umewaalika, au umewaita wazazi vijana peke yao? Na nani atakutafsiria Kiigbo, yule yule wa safari iliyopita?

Msalimie sana Binti Omari.

Wako,
Subira